Mara nne Kenya ilipobadilisha saa

Kila Machi na Oktoba ndugu zetu walioko Uingereza hulalamika kwamba saa imesogezwa na usingizi umevurugika. Sisi wa Kiwanjani huwacheka. Isiolo iko karibu kabisa na ikweta, mchana wetu ni wa saa kumi na mbili na dakika chache mwaka mzima, sasa tuokoe mwanga gani? Lakini Kenya nayo ilichezea saa zake, tena mara nne.

Kama unatumia Linux, andika amri hii: zdump -v Africa/Nairobi. Kuanzia Mei 1908 saa yetu rasmi ilitangulia ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 30. Tarehe 1 Julai 1928 serikali ya kikoloni ikaisogeza mbele nusu saa kwa mkupuo. Haikudumu: Januari 1930 ikarudishwa. Tarehe 1 Januari 1937 ikasogezwa tena, safari hii dakika 15 tu, na tarehe 1 Agosti 1942, vita vikiwa vimepamba moto, zikaongezwa 15 nyingine. Ndiyo +3 tuliyo nayo mpaka leo. (Kwa hiyo ukiandika programu ya kumbukumbu za wazee, usijumlishe 3 kwa kila tarehe. Aliyezaliwa 1935 utamkosea nusu saa.)

Linalonifurahisha ni kwamba nusu saa ya mkupuo ilirudishwa, robo robo ikakaa. Hata leo anayengoja saa kubadilika hushauriwa asogeze muda wake wa kulala kidogo kidogo, dakika 15 hivi, kwa siku kadhaa. Mwili haujui saa ya ukutani. Hujipanga kwa mwanga unaoingia machoni.

Sasa piga hesabu. Isiolo iko kwenye longitudo ya nyuzi 37.6 mashariki, na kila nyuzi moja ni dakika 4 za jua. Jibu ni saa 2 na dakika 30! Yaani saa ya 1908 ilitufaa sisi kuliko hata Nairobi. Leo jua hutufikia utosini kama saa sita na nusu.

Tena jua lenyewe halitulii. Mwanzoni mwa Novemba huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika 10, na kufikia Februari ni karibu na dakika 40. Adhana ya alfajiri hulifuata jua, kengele ya shule haifuati. Mtoto anayeamshwa saa kumi na moja mwezi wa Februari, kwa jua la Isiolo ameamshwa saa kumi na robo usiku. Akisinzia darasani msimwite mvivu. Mlazeni mapema kuanzia Desemba, robo robo, na asubuhi akae nje kwenye mwanga kabla ya kipindi cha kwanza.