Damu ya Farasi, Pumzi ya Mtoto

Juma hili tutafakari habari ya dondakoo, ugonjwa ambao wazazi wengi wa leo hawajauona. Bakteria wake hutanda utando mzito kooni hata mtoto akakosa pumzi, na sumu yao huudhuru moyo. Katika karne ya 19 uliwaua watoto wengi wa Ulaya na Marekani, na mara nyingi tabibu hakuwa na la kufanya ila kutoboa koo ili hewa ipite.

Desemba 1890, mjini Berlin, Mjerumani Emil von Behring na Mjapani Shibasaburo Kitasato walitangaza jambo geni. Mnyama aliyezoeshwa sumu ya bakteria kidogo kidogo hutengeneza katika damu yake kitu cha kuikamata sumu hiyo na kuivunja nguvu. Maji ya damu hiyo, yaani seramu, akidungwa mwingine, humkinga naye. Kitu hicho leo twakiita kingamwili. Farasi, kwa wingi wa damu yake, akawa chemchemi ya dawa. Mwaka 1894 Émile Roux alionyesha kwamba katika hospitali ya watoto mjini Paris vifo vya dondakoo vilishuka kutoka takriban nusu ya wagonjwa hadi robo hivi.

Mwaka 1901 Behring alipewa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya tiba. Mwaka uo huo, katika mji wa St. Louis, Marekani, farasi aitwaye Jim, aliyekuwa akitoa seramu, alishikwa na pepopunda. Seramu yake ikagawiwa pasipo kupimwa ipasavyo, na watoto 13 wakafa kwa pepopunda. Wazazi wao hawakuwa wazembe. Walikuwa wamemwita daktari, na dawa yenyewe ndiyo iliyoleta mauti. Mwaka 1902 Marekani ikatunga sheria ya kuwapa leseni na kuwakagua watengenezaji wa seramu na chanjo.

Baadaye zilikuja antibiotiki, na seramu nyingi zikawekwa kando. Lakini mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Bakteria wamejenga usugu, na wataalamu wamezirudia kingamwili, sasa zikitengenezwa maabara kwa njia zilizofuata ugunduzi wa Cambridge wa mwaka 1975. Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha mojawapo dhidi ya kimeta cha mapafu. Hata hivyo, seramu ya dondakoo ingali yatoka kwa farasi, nayo ni adimu.

Ndugu wapendwa, huruma iliyotengeneza dawa ile ilikuwa ya kweli, lakini bila uangalifu haikutosha. Nasi tunapomsaidia mwenzetu, tusiridhike na nia njema peke yake. Tukipime kwanza kile tunachomtilia mkononi. Na mtoto anapofikia siku ya chanjo, tumpeleke, asije akaihitaji seramu iliyo adimu.