Boneti ya Landrova, nondo ya babu na hesabu za bamdogo

Jumapili usiku, Engutoto

Najua nimepotea, kuna wengine wameanza kuuliza kama nimeacha chuo. Sijaacha. Mitihani ilinibana, halafu likatokea hili la bamdogo, ndilo limenikalisha usiku huu niandike.

Bamdogo ana Landrova 109, ile Series III. Wanaonijua wanalijua hilo gari, maana ndilo lililonishusha hosteli na godoro langu mwaka wa kwanza. Linabeba mahindi na mbuzi kutoka Simanjiro, na ada yangu inatoka humo humo. Mwezi uliopita aliinama kuangalia kabureta, upepo ukavuma, nondo inayoegemeza boneti ikachomoka. Boneti ikashuka, na tairi la spea juu yake. Vidole viwili vikavunjika. Namshukuru Mungu ulikuwa mkono wa kushoto, lakini dereva asiyeweza kushika usukani vizuri ni dereva asiye na kazi.

Juzi nimeenda kumsalimia, akaniuliza: "Wewe msomi, huko chuoni hamfundishwi namna ya kuzuia boneti isituue?" Nikamwambia, shikamoo bamdogo, lakini mimi nasoma uhasibu. Akasema, "Marahaba. Basi piga hesabu."

Nikaanza kupiga hesabu. Ila mnanijua, nikaishia kwenye historia.

Landrova ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeisha miaka mitatu tu, na Uingereza chuma kilikuwa cha mgawo. Kampuni ya Rover ikatumia bati la alminiamu kwa bodi, chuma kikabaki kwenye chesesi. Ndiyo maana boneti ya Landrova ukiigonga inalia kama sufuria. Yenyewe ni nyepesi. Uzito unakuja pale unapoweka tairi la spea juu yake, kama magari mengi ya aina hii yalivyowekewa. Na kitu cha kushikilia uzito wote huo ni fimbo moja tu ya chuma. Aliyeibuni hakuwa mjinga. Fimbo haina cha kuharibika. Ukiitoa, boneti nzima unaisukuma pembeni inachomoka kwenye bawaba zake, fundi anabaki na injini wazi mbele yake. Lilikuwa gari la mkulima anayejitengenezea mwenyewe shambani.

Gari la namna hiyo lilifaa sana Tanganyika. Mabwana shauri wa mkoloni walilitumia, askari wa wanyamapori walilitumia. Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951, Ngorongoro ikatengwa nayo mwaka 1959, na huko kote barabara zilikuwa za kukisia. Lakini gari halina chama. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954, Mwalimu Nyerere naye alizunguka nchi kwa Landrova kudai uhuru. Gari lile lile la bwana shauri likambeba mtu aliyekuja kumwondoa bwana shauri. Hapo huwa natabasamu peke yangu.

Sasa tuje kwenye nondo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake hapa hapa Arusha, ilivunjika. Februari mwaka huo mpaka wetu na Kenya ukafungwa, haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Watalii wengi wa kaskazini walikuwa wanapitia Nairobi, kwa hiyo mji wetu ukapigwa vibaya. Katikati hapo ikaja vita ya Kagera, 1978 na 1979. Fedha za kigeni zikakauka, na spea zikakauka nazo. Vijana wa leo tunalalamika spea ni ghali. Wazee wetu walikuwa na hela mkononi na spea hakuna!

Hapo ndipo mafundi wa Arusha walipopata digrii zao. Raba ya taili kuukuu ikageuzwa bushi. Bomba la maji likawa bomba la moshi. Na fimbo ya boneti ikikatika, unakata nondo ya kujengea, unaikunja ncha, kazi imeisha. Babu alilinunua hili gari kwenye mnada likiwa limechoka, na nondo iliyomponyoka bamdogo aliikata yeye kwa msumeno wa mkono. Kwa hiyo niliposema tuitupe, bamdogo alinyamaza muda mrefu. Nikaelewa nimegusa pabaya.

Wazo langu lilikuwa shokapu za gesi, zile zinazoinua mlango wa nyuma wa Noah. Nazo zina historia yake. Kampuni ya Stabilus ya Koblenz, Ujerumani, ilianza kuzitengeneza kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ndani ya silinda kuna gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa kwa nguvu kubwa sana, na mafuta kidogo ya kupunguza kasi na kulainisha raba inayozuia gesi isitoke. Ndiyo maana mti wake unaong'aa unatakiwa uangalie chini boneti ikifungwa, mafuta yailoweshe raba. Na tafadhali, usiitoboe wala usiichomelee. Ni kama bomu dogo.

Mara ya kwanza tuliharibu. Nilinunua jozi ya mtumba, ya gari jingine kabisa, bila kupima chochote. Moja ilikuwa imeshavuja gesi, nyingine nzima na kali. Tulipofunga, upande mmoja wa boneti ukanyanyuka, mwingine ukabaki chini, bati la alminiamu likajipinda kama chapati. Fundi akacheka mpaka akakaa chini. Bamdogo hakucheka.

Basi nikarudi kwenye hesabu kama nilivyoagizwa. Tukatoa tairi la spea, tukalihamishia mlango wa nyuma. Boneti tukaiweka kwenye mizani ya mahindi: kilo 15. Uzito wake unakaa kama sentimita 45 kutoka kwenye bawaba. Ikiwa imelala, nguvu ya kuizungusha ni kama 66 kwa kipimo cha nyutoni-mita. Ukiifungua nyuzi 60 inabaki nusu, yaani 33. Shokapu zetu, boneti ikiwa wazi, zinasukuma kwa umbali wa sentimita 20 kutoka bawaba. Gawanya 33 kwa 0.20 unapata nyutoni 165, kwa shokapu mbili ni kama 83 kila moja. Tukaongeza kidogo kwa ajili ya upepo na baridi, tukatafuta mpya za nyutoni 100. Baridi ina maana yake: joto likishuka nyuzi 10, gesi inapoteza kama asilimia 3 au 4 ya nguvu. Asubuhi ya Julai chini ya Meru na mchana wa Simanjiro si kitu kimoja.

Lingekuwa tairi limebaki juu, tungehitaji mara tatu ya hapo, na bati la pembeni lisingevumilia. Hata hivi tuliweka vipande vya bamba nyuma ya kila bolti ili nguvu isambae.

Jana tumemaliza. Bamdogo aliinua boneti kwa mkono mmoja, ule mzima, ikapanda taratibu ikasimama. Akarudi nyuma akaitazama kama anayemwona ng'ombe mgeni zizini. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nalo kwenye hesabu: "Ikifa tukiwa Simanjiro, nani ataitengeneza?"

Hakuna. Hilo ndilo jibu, wadau. Shokapu ya gesi haitengenezwi, inatupwa, unanunua nyingine. Fimbo ya 1948 yeyote angeweza kuitengeneza, na miaka ile ya shida yeyote aliitengeneza kweli. Oktoba 2024 Landrova zilipojazana hapa Arusha kwa tamasha lao, watu walipiga picha rangi na mataili. Mimi siku hizi naona kitu kingine: kila moja iliyofika ilikuwa imepita kwenye mikono ya mafundi waliokosa spea na hawakukosa akili.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Shokapu zinabaki, kwa sababu vidole vya bamdogo ni vya thamani kuliko ubishi wangu wa historia. Na nondo ya babu nayo inabaki. Fundi ameinyoosha, ameitobolea tundu na kuiwekea pini isichomoke tena, sasa ina kishikio chake pembeni ya rejeta. Ukiinama kufanya kazi ndefu, unaiweka hata kama shokapu zinashikilia.

Bamdogo anafunguliwa plasta Alhamisi. Mimi nina tesiti Jumatano na sijafungua daftari. Usiku mwema, niombeeni.