Neema Ilitangulia, Wimbo Ukafuata



Kwaya inapotimiza miaka 50, ni desturi kuandika habari za walioianzisha, walimu walioifundisha na safari ilizokwenda. Hayo yamo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Hapa tungependa kusimulia historia ya kitu kilichokuwako kabla ya kwaya yetu, yaani ujumbe wenyewe tunaouimba. Jumapili baada ya Jumapili tumeimba kwamba mwanadamu huokolewa kwa neema, kwa njia ya imani. Ujumbe huo ulitufikiaje, na uliwafanya nini waliotutangulia?

Tuanze na neno jubilii lenyewe. Katika Mambo ya Walawi 25 tunasoma kwamba kila mwaka wa hamsini Waisraeli walipaswa kupiga baragumu katika nchi yote. Aliyejiuza kwa sababu ya umaskini alirudi kwa jamaa yake, na shamba lililouzwa likarudi kwa wenyewe. Tena baragumu hilo lilipigwa Siku ya Upatanisho. Kwanza dhambi zilifanyiwa upatanisho, kisha baragumu likalia, kisha watu wakarudi kwao. Baragumu halikumfungua mtu yeyote. Kazi yake ilikuwa kutangaza kwamba amefunguliwa. Kazi ya kwaya ni hiyo hiyo.

Kanisa limewahi kuusahau mpangilio huo, likawafundisha watu kana kwamba msamaha ni mshahara. Mwaka 1505 kijana Mjerumani, Martin Luther, aliingia katika nyumba ya watawa huko Erfurt. Alifunga, alikesha na kuungama mara kwa mara, lakini moyo wake haukupata amani. Alipoutafakari Waraka kwa Warumi, alitambua kwamba haki ya Mungu ni zawadi anayopewa mwenye dhambi anayemwamini Kristo. Tarehe 31 Oktoba 1517, akiwa Wittenberg, alitoa hoja zake 95 za kupinga biashara ya vyeti vya msamaha. Yaliyofuata twayajua. Lakini wanakwaya wengi hawajui kwamba mwaka 1524 mwanamuziki Johann Walter alitoa kitabu cha nyimbo za kanisa zilizopangwa kwa sauti kadhaa, na Luther mwenyewe akaandika dibaji yake. Hivyo mafundisho ya neema na uimbaji wa kwaya vilishikana mikono mapema sana.

Katika nchi hiyo hiyo ya Ujerumani, ndani ya kanisa la Kilutheri la Württemberg, alilelewa Johann Ludwig Krapf. Alitumwa na shirika la Kianglikana la CMS, akafika Mombasa mwaka 1844. Miezi michache baadaye alimzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakaanza kazi Rabai. Kwa hesabu ya wanadamu kazi hiyo ilikwenda polepole mno, kwani miaka ilipita bila mtu kubatizwa. Wa kwanza kubatizwa, mwaka 1851, alikuwa Mringe, mtu aliyelemaa mwili na aliyekuwa anakaribia kufa. Hakuishi kujenga kanisa, hakutoa sadaka kubwa, hakushika cheo chochote. Alipokea tu. Historia ya Kanisa letu pwani ya Kenya ilianza na mtu ambaye hakuwa na chochote cha kulipa.

Rabai hiyo hiyo ilishuhudia jambo lingine. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na mwaka 1875 CMS ikaanzisha Frere Town, bara ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ili kuwapokea waliookolewa kutoka majahazini. Kengele yao ingali pale, na mahali penyewe twapaita Kengeleni mpaka leo. Lakini utumwa wenyewe uliendelea nchi kavu, na watu wengi waliokimbia mashamba ya mabwana zao walijificha Rabai, ambako Mwafrika mwenzao William Jones alihudumu. Mabwana walipodai warudishiwe watu wao, kampuni ya Imperial British East Africa, ikiongozwa na George Mackenzie, ilikubali kuwalipa. Mwanzoni mwa mwaka 1889, watu zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru pale Rabai.

Hatusemi kwamba mabwana hao walistahili kulipwa hata senti moja. Mtu si mali. Lakini hebu fikiri juu ya mama aliyesimama Rabai siku hiyo na hati mkononi. Hakuchanga fedha zile, wala hangeweza kuzichanga hata angefanya kazi maisha yake yote. Alichotakiwa kufanya ni kuipokea hati na kuamini kwamba ni ya kweli. Kama angerudi kwa bwana wake kesho yake na kuanza kumlimia ili alipe deni, angekuwa anaidharau hati ile. Ndivyo Mtume Paulo anavyotufundisha katika Waefeso 2:8-10, kwamba wokovu ni kipawa cha Mungu, hautokani na matendo asije mtu akajisifu, na kwamba matendo mema ni kazi tuliyoandaliwa kuifanya tukiisha kuokolewa.

Pengine mtu atasema, "Hayo ni ya watumwa na ya walio nje. Sisi tumezaliwa kanisani." Basi na tuikumbuke Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 jijini Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza aliyehudumu katika hospitali ya misheni huko Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa Wakristo tayari, lakini waliona kiu ndani yao, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, ukaenea Uganda, na mwaka 1937 kikundi cha mashahidi kikaja Kabete, hapa Kenya.

Walioguswa kwanza hawakuwa wapagani. Walikuwa watu waliobatizwa, walimu wa shule za misheni, wainjilisti na hata makasisi. Waligundua kwamba walikuwa wakiegemea ubatizo wao, vyeo vyao na utumishi wao, huku msalaba wakiusikia kwa masikio tu. Wakaungama hadharani. Tena matunda yakaonekana: walioiba walirudisha, wenye madeni walilipa, waliokosana walipatana. Hakuna aliyerudisha mbuzi wa jirani ili aokolewe. Alimrudisha kwa kuwa ameokolewa. Katikati ya mikutano hiyo ulizaliwa utamaduni wa wimbo mmoja wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, ambao Mkikuyu, Mluo, Mtaita na Mzungu waliuimba wakiwa wamekumbatiana. Kila ushuhuda ulifuatwa na wimbo huo.

Kisha likaja jaribu. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, ndugu wa Uamsho huko Kati walijikuta kati ya mawe mawili. Uchungu wa ardhi iliyonyang'anywa waliujua, maana ilikuwa ardhi yao pia. Hata hivyo wengi walikataa kula kiapo, wakisema damu ya Yesu imekwisha kuwafunga kwake, na wengi walikataa pia kubeba bunduki za serikali. Baadhi yao waliuawa. Mtu anayedhani amejiokoa kwa jitihada zake huogopa kupoteza kila kitu. Wao walikuwa wamepewa kitu ambacho hawakukinunua, wakaamini kwamba hakuna awezaye kuwanyang'anya.

Tumeyaandika haya kwa sababu jubilii ina hatari yake. Miaka 50 ni mingi. Ni rahisi kuhesabu mazoezi, sare, vikombe vya mashindano na harambee, tukaanza kufikiri kwamba Mungu anatudai kidogo kuliko wengine. Joho la kwaya halisitiri dhambi. Sauti nne zikilingana vizuri namna gani, haziwezi kumpatanisha mtu na Mungu. Mwanakwaya wa miaka 50 na mgeni aliyeketi leo kwenye benchi la nyuma, mlango wao ni mmoja.

Na hiyo ndiyo furaha yetu. Wako waliowahi kuimba nasi, wakateleza, kisha wakaona haya kurudi. Wako wazee wetu ambao sauti imekwisha na mfuko umekauka, wanaodhani hawana tena cha kumtolea Bwana. Wako vijana wanaongoja wawe wema kwanza ndipo waje kwa Yesu. Kwao wote baragumu la jubilii linasema neno moja: deni limelipwa, rudini nyumbani.

Basi tunapoianza miaka mingine, tuimbe kama watu waliosamehewa. Tufike mazoezini kwa wakati, tujifunze sauti zetu, tutoe na kutumika, si kwa kulipa bali kwa kushukuru. Kwake aliyetupenda sisi kwanza uwe utukufu, sasa na hata milele. Amina.