Msitu ulioota timboni Bamburi

Wengi wanaokwenda Haller Park, Bamburi, huenda kumwona kiboko, ama kumlisha twiga. Twiga wa pale wamezoea watu hata hawangoji kuitwa. Huinamisha shingo na kuutoa ule ulimi wao mrefu mweusi mpaka kiganjani. Watoto wa shule huletwa kwa mabasi, wakapiga makelele kwenye uzio wa mamba, wakanunuliwa soda, wakarudi makwao. Ni siku njema, sina ugomvi nayo. Ila kitu cha ajabu kuliko vyote pale hakilishwi wala hakipigwi picha, nacho ni udongo. Fukua kidogo kwa kijiti chini ya mivinje iliyozeeka: kwanza unakuta majani makavu, membamba kama sindano, kisha tabaka jeusi lenye unyevu na harufu ya mvua, na kabla kijiti hakijazama sana kinagonga jiwe. Jiwe hilo ndilo sakafu ya timbo. Mwaka 1970 hapakuwa na kingine chochote juu yake.

Kuchimba jiwe, kwa Mombasa, ni kazi ya kale. Pwani yote hii imekalia mwamba wa matumbawe, mabaki ya miamba iliyoota baharini enzi ambazo maji yalikuwa juu kuliko yalivyo leo. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ni matumbawe. Nyumba za Mji wa Kale ni matumbawe na chokaa, na hiyo chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa juu ya magogo. Fundi alikata jiwe la kutosha nyumba moja, akaondoka, na kichaka kikarudi chenyewe.

Kiwanda kilikuja na hesabu nyingine. Kampuni ya saruji ya Bamburi ilianzishwa mwaka 1951 na Felix Mandl, na mwaka 1954 tanuri likaanza kazi. Saruji hutaka chokaa kwa wingi: matumbawe yanasagwa pamoja na udongo, yanaingizwa kwenye tanuri linalozunguka, yanaokwa kwa joto la nyuzi zipatazo 1,450, na kinachotoka kinasagwa tena kuwa unga. Tanuri la namna hiyo halilali. Na kila tani inayoingia imeacha pengo mahali fulani.

Mahali hapo palikuwa mbali na macho ya watu. Siku hizo Bamburi haikuwa mtaa wa Mombasa kama tunavyoujua sasa, wenye maduka, plaza na msongamano wa magari kutoka Bombolulu mpaka Mtambo. Yalikuwa ni mashamba ya minazi na mikorosho na vijiji vilivyoachana. Kutoka kisiwani Mombasa ulivuka kwa daraja la kuelea la Nyali, lililowekwa mwaka 1931; hili la zege tunalolipitia leo lilifunguliwa mwaka 1980. Kwa hiyo mashine zilipokuwa zikiondoa udongo wa juu, halafu jiwe, mita kwa mita hadi karibu na maji ya chini, walioona ni wafanyakazi na majirani wachache. Mtalii aliyekwenda hoteli za ufukweni alipita barabarani bila kujua kilichokuwa upande wa pili.

Huko upande wa pili kulikuwa na jangwa jeupe. Udongo ulikuwa umeondoka wote. Jua likipiga, mwanga unakurudia usoni kutoka sakafuni na kutoka kuta za pembeni, na hakuna pa kujibanza. Chini kidogo ya sakafu kuna maji, lakini yana chumvi kwa sababu bahari iko jirani. Mtu wa kawaida angesema shimo kama hilo ni la kutupia taka, na miji mingi imefanya hivyohivyo.

René Haller alikuwa Mswisi, mtaalamu wa bustani, aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa Tanganyika kabla ya kuajiriwa Bamburi mwaka 1959. Kazi yake ya kwanza haikuwa na ukuu wowote. Alitakiwa kupendezesha mazingira ya kiwanda na kuwalimia wafanyakazi mboga na matunda. Lile shimo aliligeukia baadaye, mwaka 1971. Nalisema hili kwa sababu simulizi za watu kama yeye hupenda kuwafanya manabii tangu siku ya kwanza. Huyu alikuwa bwana shamba wa kiwanda aliyekuwa na tatizo la shimo, na akalishughulikia kama bwana shamba: akapanda kila alichodhani kingeweza kukubali, akasubiri aone kitakachokufa.

Karibu vyote vilikufa. Alijaribu aina 26 za miti, na zilizosalia zilikuwa tatu tu: mnazi, mti uitwao damas unaotoka Pembe ya Afrika, na mvinje. Mnazi kila mtu wa Pwani angeukisia. Damas ni mti wa nchi kavu za Wasomali, umezoea taabu. Lakini mvinje ndio uliobeba kazi yote.

Mvinje tunaujua. Ndio ule mti wa ufukweni unaovuma upepo ukipita, ambao watu huupitia bila kuutazama mara mbili kwa kuwa hauna tunda la kula. Siri yake iko mizizini. Kwenye mizizi huwa na vifundo, na ndani ya vifundo wanaishi bakteria waitwao Frankia, ambao huchukua naitrojeni hewani na kuupa mti. Chumvi nayo inauvumilia. Ndiyo maana uliweza kusimama juu ya jiwe tupu ambako miti mingine ilikosa cha kula. Kwa miche ya mwanzo ilibidi kutia udongo kidogo uliotoka chini ya mivinje mikubwa, ili wale bakteria wahamie nao.

Basi mivinje ikaota, ikarefuka upesi, ikatia kivuli. Na hapo tatizo la pili likajitokeza. Vile visindano vyake vikianguka havikuoza. Vina tanini nyingi, na vijidudu vya kawaida vya kuozesha havikuvitaka. Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia, visindano vikazidi kurundikana vikavu. Miti ilikuwepo lakini udongo haukuwepo, na bila udongo ule usingekuwa msitu. Ungebaki miti iliyosimama juu ya zulia.

Aliyefungua njia ni jongoo, yule mkubwa mweusi mwenye miguu myekundu, ambaye mvua zikinyesha hutoka kwa makundi na watoto wakamchokoa kwa kijiti ajikunje. Haller aligundua kwamba jongoo huyu anavila visindano vya mvinje. Anavitafuna, vinapita tumboni mwake, na kinachotoka nyuma ni kitu ambacho bakteria wanaweza kukimalizia. Majongoo wakakusanywa, wakaletwa timboni, wakaachiwa. Wakala, wakazaana, wakaendelea kula. Tabaka jeusi likaanza kuonekana, jembamba mwanzoni, kisha la kutosha kuotesha mbegu ya mti mwingine. Wahenga wetu walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Bamburi vyote viwili viliokotwa.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa kasi, na sitayafuata yote. Miti ya asili ya Pwani ikapandwa kati ya mivinje, na mivinje ikapunguzwa ili kuipa nafasi. Hiyo iliyokatwa haikutupwa, kwa maana gogo la mvinje ni boriti nzuri ya kujengea. Palipochimbwa zaidi maji yakajitokeza, yakawa mabwawa. Mabwawa yangeleta mbu, yakatiwa samaki, na samaki wakawa mradi wenyewe wa ufugaji wa tilapia. Mamba wakafugwa. Wakaletwa pofu na choroa, wanyama wanaojitosheleza kwa nyasi ngumu na maji kidogo. Maji yaliyotoka kwa samaki yalikwenda kwenye mimea. Ukiusikiliza mpangilio wenyewe unaona si mapenzi ya mazingira peke yake. Bwana shamba hakutaka kitu kiingie bila kutumika mara ya pili, na mwajiri wake bila shaka alipenda kusikia hivyo.

Mwaka 1984 milango ilifunguliwa kwa umma. Miaka mitatu baadaye Haller aliingizwa katika orodha ya Global 500 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP. Jina lake likapewa bustani baadaye, naye akiwa hai, jambo ambalo kwetu si la kila siku. Wageni walikuja kutoka nchi nyingi kuona namna shimo linavyogeuzwa kuwa msitu.

Halafu akaja kiboko.

Mwishoni mwa Desemba 2004 kundi la viboko lililokuwa limesombwa na mto Sabaki lilionekana baharini karibu na Malindi. Tsunami ilipopiga tarehe 26, mtoto mmoja alibaki peke yake kwenye mwamba. Siku iliyofuata wavuvi, wakazi na wageni walihangaika naye kwa nyavu mpaka wakamtoa. Mmoja wa waliomkamata aliitwa Owen, na kiboko akapewa jina hilo. Akaletwa Haller Park, na alipofika akakimbilia kujificha nyuma ya kobe mkubwa wa Aldabra aliyeitwa Mzee, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi. Kobe alikasirika, kisha akazoea. Wakawa wanakula pamoja, wanalala pamoja, wanaogelea pamoja. Paula Kahumbu, aliyekuwa meneja wa bustani wakati huo, alishiriki kuandika kitabu cha watoto kilichosambaa duniani. Picha alipiga Peter Greste, mwandishi wa habari wa Australia ambaye miaka kadhaa baadaye alikuja kujulikana kwa jambo jingine kabisa, alipofungwa Misri. Mwaka 2007 Owen alitengwa na Mzee na kuwekwa na kiboko jike, kwa sababu kiboko anayekua anaweza kumuumiza kobe akicheza tu.

Ni kisa kizuri na kilileta watu wengi Bamburi. Lakini kilifunika kile kingine. Mpaka leo ukimwuliza mtu wa Nairobi Haller Park ni nini, atakujibu kiboko na kobe. Ni wachache watakaokuambia kwamba aliposimama kumpiga picha kobe palikuwa shimo la saruji. Lawama sizitupi kwa kobe. Nazitupa kwetu waandishi, ambao kiboko alitupa kichwa cha habari na jongoo hakutupa.

Anayetaka kuuona msitu wenyewe badala ya wanyama aende kwanza Forest Trails, sehemu nyingine ya matimbo yaleyale iliyo kando ya barabara ya Malindi, ambako watu hukimbia, huendesha baiskeli na kutembea. Huko hakuna haraka ya kuwahi saa ya twiga. Angalia kuta za mwamba pembeni, uone kina cha shimo ulimosimama. Nguuni, upande wa bara, ni mahali pa namna nyingine kabisa: vilima, mikoma, mbuni na pofu, na jua linavyozama ni zuri kuliko ufukweni. Nenda na mtu anayepafahamu.

Kuna swali ambalo halikwepeki. Bustani ya mibuyu ya Mama Ngina, kule kisiwani, ni ya watu wote. Unaingia, unakaa, unakula mihogo ya kukaanga, hakuna anayekuuliza. Msitu wa Bamburi una lango na una mwenyewe. Kiwanda kimepita mikononi mwa Lafarge ya Ufaransa na baadaye Holcim ya Uswisi, na mwishoni mwa 2024 kikanunuliwa na Amsons ya Tanzania. Kila anayenunua anapata tanuri na msitu katika mkataba mmoja. Tanuri linajulikana faida yake. Msitu unahitaji mwenye kampuni anayeelewa kwa nini upo, na sidhani jambo hilo linafaa kuachiwa bahati. Mji umejaa mpaka ukutani mwa msitu. Mitaa jirani ya Kiembeni, Mtopanga na Utange haina bustani nyingine ya kiasi hicho.

Haller alipopanda mvinje wa kwanza, Kenya haikuwa na sheria kuu ya mazingira. Ilikuja mwaka 1999, na sheria ya madini ya mwaka 2016 ikasema wazi kwamba anayechimba lazima aiponye ardhi. Maandishi yapo, basi. Lakini pita ukielekea kaskazini, baada ya Mtwapa, uone matimbo madogo ya mawe ya kujengea. Mwenye shamba anakodisha ekari, msumeno wa mashine unakata jiwe, jiwe linakwisha, aliyekodi anahamia kwa jirani. Shimo linabaki na maji ya mvua na mbu. Katika mashamba ya karibu na hapohapo wakulima wamepanda mivinje kwa mistari, wakiuza boriti, na wameipanda kwenye udongo mzuri ambao ungeotesha mahindi. Mche wanao na soko wanalo. Majongoo hawauzwi, mvua ya kwanza ya masika utawakuta mlangoni.