Nyundo na Fuawe

Mwaka 1152 Mfalme Stephen wa Uingereza aliizingira ngome ya Newbury. John Marshal, mwenye ngome, aliomba muda ajadili kusalimu amri, akamtoa mwanawe William, wa miaka kama 5, awe rehani. Kisha akaijaza ngome askari na chakula. Alipoambiwa mtoto atanyongwa, alijibu kwamba nyundo na fuawe za kufua wana bora kuliko huyo bado anazo.

Stephen hakumnyonga. Jibu hilo limehifadhiwa katika utungo wa Kifaransa ulioagizwa na mtoto wa William mwenyewe, kwa hiyo nadhani mzee alilisimulia nyumbani. Na ni mzee gani! Bwana wa Pembroke, na tangu 1216 msimamizi wa ufalme kwa niaba ya Henry III, mtoto wa miaka 9.

William na mkewe, Isabel de Clare, walizaa wavulana 5 na wasichana 5. Wavulana walipokezana urithi, na hadi 1245 wote walikuwa wamekufa bila kuacha mrithi halali. Ardhi zikagawanywa kwa mabinti na vizazi vyao. Cheo cha ukoo, kile cha umarshali wa mfalme, alikabidhiwa Maud, binti mkubwa.