Kiunzi cha Waya: Asili ya Umbo Jepesi la Saruji Machakos

Pambo la bustani lililovikwa mozaiki, yaani nakshi ya vipande vya vigae, kauri au kioo vinavyopachikwa kimoja kimoja, hutegemea umbo la ndani ambalo mtazamaji halioni, na mbinu ya kulifanya umbo hilo liwe jepesi ilifika vijijini Machakos, Kenya, kwa njia ya matangi ya maji. Mbinu yenyewe huitwa ferosimenti: tabaka jembamba la saruji na mchanga linalokandikwa juu ya wavu wa waya hadi waya umezwe kabisa.

Mfaransa Joseph-Louis Lambot aliunda mtumbwi kwa njia hiyo mwaka 1848 na kupata hataza, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, mwaka 1855. Mfaransa mwenzake Joseph Monier, aliyekuwa mtunza bustani, alipata yake mwaka 1867 kwa vyungu vya kupandia miti na maua. Zege yenye chuma ndani, ambayo leo hubeba maghorofa na madaraja, ina deni kubwa kwa vyungu hivyo.

Machakos ilikuwa na mahitaji yote ya kazi ya ferosimenti. Kiwanda cha saruji cha Athi River kilianza kuzalisha mwaka 1958, mchanga ulijaa katika mito ya msimu, na nguvu ya mikono ilipatikana katika mwethya, ushirika wa kazi wa Wakamba ambao kwa miongo mingi ulichimba matuta na mabwawa. Mchanga huo, hata hivyo, haufai wote: fundi hufumbata konzi ya mchanga uliolowa, na kiganja kikibaki na tope, huuosha kwanza, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi huzuia saruji kushikana na chembe za mchanga.

Katika miaka ya 1970 kitengo cha teknolojia ya vijijini cha UNICEF kilichokuwa Karen, Nairobi, kilieneza tangi lililoitwa ghala, ambalo lilikuwa kapu kubwa la fito zilizosukwa mithili ya ghala la nafaka, likapigwa lipu ya saruji. Wazo lilikuwa zuri na la bei nafuu, lakini lilikuwa na kasoro isiyotibika, kwani mchwa na kuvu walizila fito zilizokuwa ndani ya saruji, ukuta ukabaki bila mshipi wa kuuzuia usipasuke maji yanapousukuma, na kufikia miaka ya 1980 matangi mengi yakawa yamevuja. Wajenzi wakahamia kwenye waya, na matangi ya ferosimenti yakaenea Ukambani.

Somo hilo linalihusu pambo la bustani moja kwa moja. Tufe lililojaa zege lenye kipenyo cha sentimita 50 lina uzito wa kilo 150 hivi, ilhali gamba la sentimita 2.5 la umbo lilo hilo lina kilo 40 hivi, na watu wawili hulibeba bila taabu. Fundi hukunja nondo nyembamba kuwa mifupa, akaizungushia wavu wa kuku mara mbili, akaufunga kwa waya laini, kisha akasukumiza kwa vidole mchanganyiko mkavu-mkavu wa saruji moja kwa mchanga tatu hadi utokeze upande wa pili. Uso hukwaruzwa kabla haujakauka ili vigae vipate pa kushikia, na umbo hufunikwa kwa magunia yaliyolowa kwa muda usiopungua wiki moja. Hatua hii ya mwisho ndiyo hurukwa zaidi, na nyufa nyingi zinazolaumiwa kwenye gundi ya vigae huanzia hapo.

Kioo cha kupachika hakiko mbali: karakana ya Kitengela Glass, iliyoanzishwa na Nani Croze upande wa Kajiado, imejulikana kwa mozaiki na sanamu za kioo kilichotumika. Kiini cha povu la plastiki nacho kimeingia katika kazi hii, na huko Mavoko Shirika la Nyumba la Taifa lina kiwanda cha paneli za ujenzi zenye povu katikati na wavu wa waya pande zote mbili. Povu huupa umbo wepesi na sura tu. Katika paneli kama katika pambo, mzigo hubebwa na waya na saruji, kwa hiyo anayepaka saruji juu ya povu tupu bila wavu anajenga pambo litakalopasuka.