Mpira wa kioo cha Morris

Nilikwenda Vitongoji, Pemba, kwa siku nne za kupumzika, nikijua kazi yangu itakuwa kula na kulala. Badala yake nikakabidhiwa kamba ya nailoni. Ami yangu ana Morris Minor ya zamani, na mpira unaoshika kioo cha mbele ulikuwa umekauka na kupasuka kama kisigino cha mkulima. Kila mvua ikinyesha, maji yanapita pembeni, yanashuka mpaka miguuni kwa dereva, na bati la sakafu limeanza kuliwa na kutu. Ndugu yetu mmoja aliyeko Uingereza akaleta mpira mpya. Fundi wa kwanza aliyeitwa akauingiza kwa bisibisi, akauchana. Ukaletwa wa pili, na safari hii ami akasema fundi ni yeye na mimi.

Wadau wa umri wangu wengi hamuijui kazi hii, maana gari zetu za Kijapani vioo vyake vimebandikwa kwa gundi. Zamani kioo hakikugusana na bati hata kidogo. Kati yake ulikaa mpira wenye mifereji miwili: mmoja unakumbatia kioo, wa pili unauma ukingo wa bodi. Hakuna msumari wala gundi.

Morris Minor ilibuniwa na Alec Issigonis, mzaliwa wa Smirna (leo Izmir, Uturuki), ikaanza kuuzwa mwaka 1948. Zile za mwanzo zilikuwa na vioo viwili bapa na nguzo katikati. Mwaka 1956 ikaja Minor 1000 yenye kioo kimoja kilichopinda, ndiyo hii ya ami. Desemba 1960 ikawa gari ya kwanza ya Kiingereza kufikisha milioni moja. Visiwa hivi wakati huo vilikuwa chini ya himaya ya Waingereza, kwa hiyo usishangae Morris ilifikaje huku.

Lakini kilichonikaa kichwani ni ule mpira wenyewe. Mipira ya vioo ya siku hizi mara nyingi hutoka kwenye mafuta ya petroli, sawa. Ila kabla gari ya kwanza haijatengenezwa, mpira ulikuwa unasafirishwa kutoka kwetu kwenda Ulaya, na bandari ya Zanzibar ilikuwa mmoja wa milango yake. Ulitoka kwenye mibungo, mimea ya kutambaa ya misitu ya pwani na bara. Kama umewahi kunywa juisi ya mabungo Forodhani au Chake, basi unaijua familia hiyo. Watu walikata gome, utomvu ukaganda, wakauviringisha matufe. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar na mtaalamu wa mimea, aliihimiza sana biashara hii, na mmoja wa mibungo hiyo unaitwa kwa jina lake hadi leo: Landolphia kirkii.

Mpira mbichi una tabia mbaya, joto linaufanya unate na baridi inaufanya ukakamae. Charles Goodyear wa Marekani ndiye aliyegundua mwaka 1839 kwamba ukipikwa na kiberiti (salfa) unatulia. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akatengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli, na hapo dunia ikaingiwa na wazimu wa mpira. Huko Kongo ya Mfalme Leopold watu walikatwa mikono na kuuawa kwa ajili ya utomvu wa mimea ya aina hiyohiyo ya mibungo. Tanganyika, Wajerumani walipanda miti ya mpira kutoka jimbo la Ceará, Brazil, hasa upande wa Tanga. Mwaka 1913 bei ikaporomoka, kwa sababu mashamba ya Waingereza huko Malaya na Ceylon yalikuwa yanatoa mpira bora na wa rahisi, kutokana na mbegu ambazo Henry Wickham alizitoa Brazil mwaka 1876. Miti ya Wajerumani ikabaki. Na sisi tukaitia sufuriani: kile kisamvu cha mpira unachokula na nazi ndio huo.

Turudi Vitongoji. Ami aliutandaza mpira juani, juu ya jamvi la karafuu, mpaka ukalainika. Tukasugua ukingo wa bati kwa brashi ya waya, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, tukasubiri mpaka kesho yake. Mpira unavishwa kwenye kioo kwanza. Kisha kamba inazungushwa ndani ya mfereji wa pili, ncha zake zikutane chini katikati. Unapaka maji ya sabuni. Mafuta ya gari usiguse, yanavimbisha mpira.

"Ami, kikivunjika?"

"Kikivunjika ndo basi. Cha kununua Pemba nzima hakuna."

Yeye akawa nje, viganja vyote viwili juu ya kioo. Mimi ndani, navuta kamba, na mdomo wa mpira unaruka juu ya bati kidogo kidogo. Upande wa chini ulikwenda vizuri. Kwenye kona ya kulia kamba ikagoma, nikavuta kwa nguvu, kioo kikatoa mlio. Nikaganda. Ami hakusema kitu, alizunguka tu, akaongeza sabuni, akapiga kona kwa kiganja mara tatu, akaniambia, "Vuta sasa, taratibu, kamba iende upande wa kioo."

Ikaingia. Alasiri tukamwaga ndoo mbili za maji juu ya paa. Ndani pakavu, isipokuwa tone moja kwenye kona ileile niliyoivuta kwa papara. Ami akalipangusa kwa kidole, akanitazama, akaenda kuswali.